Milioni 23 za Kwenye Kipaza Sauti

Usiku ule wa Novemba 2017, kwenye chakula cha hisani cha kituo chetu cha watoto, MC alitaja shilingi 23,400,000, na ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele, leso zikapungwa, mpiga kinanda akakoleza. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, shati limenilowa mgongoni, najumlisha kwenye simu kila ahadi iliyotajwa. Mwenyekiti wetu wa bodi, mama mmoja mwalimu mstaafu, alipita akanishika bega: "Mwanangu, leo umetutoa kimasomaso." Kesho yake Jumapili nililala hadi saa tano asubuhi, usingizi wa mtu aliyeshinda.

Kituo chetu kiko Pasua, hapa Moshi. Tunawalea mchana watoto wenye mtindio wa ubongo ili mama zao wapate kwenda sokoni au kibaruani. Wakati ule walikuwa 26. Pesa inakwenda kwenye uji, maziwa, nauli za bajaji, mazoezi ya viungo, viti maalumu vya kukalia, na mishahara ya walezi wanne. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuzitafuta. Kwenye mkataba nimeandikwa Afisa Rasilimali. Wenzangu waliniita Ombaomba, na sikukasirika. Kabla ya hapo niliuza bima, kwa hiyo kuongea na watu nilikuwa najua. Kuhesabu ndiko kulikonitia adabu.

Taarifa niliyoipeleka kwenye bodi Desemba ilikuwa na mstari mmoja mnono: "Chakula cha hisani: 23,400,000." Bodi ikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza zipo wapi.

Aliyeuliza ni mhasibu wetu, dada mmoja wa Uru asiyependa maneno mengi. Ilikuwa Mei mwaka uliofuata. Aliniita mezani kwake, akageuza karatasi ili niisome. "Kaka, hebu nisaidie hapa. Hizi nyingine zimo benki gani?"

Pesa taslimu za usiku ule zilikuwa 3,850,000. Ahadi zilizolipwa kwa miezi sita, tena kwa kupiga simu hadi sauti ikanikauka, 5,200,000. Jumla 9,050,000. Upande wa pili wa karatasi: ukumbi na chakula 4,200,000, MC na muziki 1,100,000, mapambo 650,000, kadi na uchapishaji 350,000, fulana, ambazo wazo lake lilikuwa langu na sina wa kumsingizia, 1,000,000. Jumla ya matumizi 7,300,000. Kilichobaki ni shilingi 1,750,000. Kila shilingi moja iliyoingia ilitugharimu senti 81, na hapo wiki sita nilizozunguka mjini na kadi hazijahesabiwa.

Nilimwambia kwamba waliobaki watalipa, ahadi ni deni. Akaniangalia tu.

Baadaye nilikaa nikafikiri kwa nini ahadi zile zilinidanganya, maana kwetu watu wanaahidi na wanalipa kila wiki. Mchango wa harusi unalipwa. Una kadi, una kamati, una mtu wa kukufuata hadi kazini, na juu ya yote una kumbukumbu: usipochanga ya mwenzako, siku ya mwanao utakaa na kamati ya watu wanne. Hiyo ndiyo dhamana ya ahadi ya harusi. Kituo cha watoto hakina dhamana hiyo, kwa sababu hakitakuja kukuchangia wewe. Hata kanisani siku ya mavuno mambo ni tofauti. Nimeshaona jogoo mmoja akiuzwa mnadani, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena, akarudishwa, akauzwa mara ya tatu. Lakini kila aliyemnunua alitoa noti pale pale, mzee wa kanisa akazipokea mkononi. Jogoo aliuzwa mara tatu na pesa ikaingia mara tatu. Mimi niliuza mara sitini na mbili, nikapokea kwa wachache.

Basi sheria yangu ya kwanza ya kuhesabu ikawa hiyo: kilichoahidiwa kinaandikwa kwa penseli, kilichoingia kwa kalamu. Kwenye taarifa ya bodi siku hizi ahadi zina safu yake, na hazijumlishwi na kitu chochote.

Ningekuwa nimeishia hapo ningesema nimejifunza, kumbe nilikuwa nimehama tu kutoka kosa moja kwenda jingine. Nikaanza kupima kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi nachora mstari ukutani, unapanda au unashuka. Desemba 2018 mstari ukaruka juu. Nikajisifu sana, nikamwambia mwenyekiti kwamba ujumbe mpya niliouandika kwenye WhatsApp umewagusa watu. Januari mstari ukaanguka hadi chini kabisa, nami nikaanza kuwaza kama kazi hii ninaiweza.

Mtu yeyote aliyekaa Moshi angecheka. Desemba mji huu haujichangii wenyewe. Wachaga wanarudi. Kuanzia katikati ya mwezi magari ya Dar yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, mbuzi wanachinjwa, watu ambao mwaka mzima wako mbali wanapita kusalimia wakiwa na bahasha mfukoni. Januari hao hao wamerudi Dar na wanalipa ada za shule. Ujumbe wangu wa WhatsApp haukuwa na uchawi wowote. Tangu hapo Desemba naipima na Desemba ya mwaka uliotangulia, na Januari na Januari mwenzake. Mstari wa mwezi kwa mwezi unafuata sikukuu na ada za watu, si kazi yako.

Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, ya mashirika yasiyo ya kiserikali, inatutaka sote tupeleke taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Tunapeleka, na ni jambo jema. Lakini mkaguzi anapomaliza kazi unajua kiasi gani kiliingia na kilitumikaje. Hujui walioleta ni kina nani, na kama mwakani watakuwepo. Swali hilo lilinijia Februari 2019 nikiwa nakunywa kahawa karibu na mnara wa saa, nimefungua daftari la wachangiaji wa miaka miwili. Kwa kujifurahisha tu nikaanza kuweka alama ya vema kwa kila aliyetoa 2017 akatoa tena 2018. Majina ya 2017 yalikuwa 214. Alama za vema zikawa 61.

Nilirudia kuhesabu. Sitini na moja. Katika kila watu kumi waliotupa pesa mwaka mmoja, karibu saba hawakurudi mwaka uliofuata. Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa najisifu kwa "wachangiaji wapya". Ndiyo, walikuwa wapya. Kila mwaka walikuwa wapya, kama abiria wa daladala. Nilikuja kusoma kwamba hata Marekani, kwenye mashirika yenye idara nzima za kazi hii, kwa kawaida chini ya nusu ya wachangiaji hurudi mwaka wa pili. Ilinipoza kidogo. Kidogo tu.

Kujua ni nani wa kuitwa "amerudi" si rahisi kama inavyosikika, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo penye kazi. Michango yetu mingi ya hapa nchini inaingia kwa simu. Taarifa ya muamala inakuletea jina la mwenye laini, na mwenye laini mara nyingi siye mchangiaji. Mke anatuma kwa simu ya mume. Mzee anamtuma kijana wa dukani. Kikundi kizima cha mama wa VICOBA, wanaoweka na kukopeshana, kinaonekana kama mtu mmoja. Kisha ikaja Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, watu wakabadilisha namba. Kwenye daftari langu watu tisa "walipotea" mwezi ule ule, nikahuzunika bure; wote tisa walikuwa wanaendelea kutoa kwa laini mpya, mimi nimewaandika kama wageni tisa. Tiba niliyoipata ni ya kizamani. Kila aliyetuma anapigiwa simu ndani ya siku tatu kushukuriwa, na simu hiyo hiyo ndiyo ya kuuliza, "Samahani, nimwandike nani?" Shukrani na usajili kwa vocha moja.

Simu zile ndizo zilizobadilisha hesabu kuliko ujumbe wowote niliowahi kutunga. Mtu anashangaa. "Unanipigia kunishukuru tu? Huna shida nyingine?" Sina, mama. Mwaka 2021 tulikuwa na wachangiaji 160 tu, pungufu ya wale 214, na mjumbe mmoja wa bodi akasema tunarudi nyuma. Mwaka 2022 katika hao 160 walirudi 83. Zaidi ya nusu. Pesa iliongezeka ingawa vichwa vilipungua, maana anayerudi mara ya tatu huwa haleti tena elfu tano.

Wakati tunahangaika na hilo ikaja tozo ya miamala ya simu, Julai 2021. Simu zangu za shukrani zikageuka simu za kupokea malalamiko: "Kaka, nikituma elfu kumi na mimi nakatwa, si bora nikuletee mkononi?" Wengine walileta kweli, wakapita na bodaboda. Tozo ilipopunguzwa wakarudi kwenye simu. Niliandika pembeni ya daftari kwamba mwaka huo usilinganishwe bila maelezo. Mtu atakayesoma namba zangu baada ya miaka kumi asije akadhani miezi ile nilikuwa mgonjwa.

Jambo la muda lilichelewa kunijia. Mshahara wangu ulikuwa kwenye safu nyingine ya bajeti, kwa hiyo nilijiona kama kazi yangu ni ya bure. Mwaka 2019 niliandika maandiko 14 ya mradi, yale ya kuomba pesa kwa wafadhili, yakapita mawili. Moja lilikuwa la shilingi 4,000,000, na tulipopata barua ya kukubaliwa tulinunua soda. Mwaka uliofuata nikaamua kuandika kwenye kalenda kila siku tuliyoitumia kwa ajili ya mfadhili yule: siku 11 za kuandika, 17 za taarifa za kila robo mwaka, za kupokea wageni, na za kutafuta risiti ya karanga. Siku 28. Kwa wastani wa shilingi 45,000 kwa siku, mishahara tu ni 1,260,000. Kila shilingi ya pesa ile ilitula senti 31 na nusu, tena ilikuwa ya mafunzo tu. Hairuhusiwi kununua uji.

Nikageukia upande wa watu wa kila mwezi. Mwaka 2021 walikuwa 38, kila mmoja kwa wastani 15,000. Hiyo ni 570,000 kwa mwezi, 6,840,000 kwa mwaka. Siku mbili kila mwezi za simu na shukrani, yaani siku 24, ni 1,080,000. Senti 16. Na pesa yao inanunua uji, inalipa bajaji, inalipa hata huyo anayetafuta risiti.

Sisemi watu waache kuandika maandiko. Kuna wafadhili wakubwa kidogo, wenye subira, ambao taarifa moja kwa mwaka inawatosha, na mmoja wao ndiye aliyejenga choo chetu chenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Ila siku hizi kabla sijaandika nahesabu kwanza siku, halafu ndiyo nasoma kiasi. Maandiko 14 yameshuka hadi matano au sita.

Kuna wanaochukua senti hizi wakazifanya rungu. Mgeni mmoja alikuja kituoni akauliza kitu kimoja tu: gharama zenu za uendeshaji ni asilimia ngapi? Nilikuwa nimesoma kwamba Juni 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayopima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yaliandika barua ya pamoja kuwaambia wachangiaji wasilipime shirika kwa asilimia hiyo peke yake. Nikamweleza. Ni kweli: ukiwafukuza mhasibu na mlezi asilimia inapendeza na watoto wanalala njaa. Lakini na mimi nisijifiche nyuma ya barua ile. Senti 81 za chakula cha hisani hazikuwa uwekezaji wowote. Zilikuwa mapambo.

Nilikaribia pia kukosea upande wa pili, kwa kudharau kilicho kikubwa. Mwaka 2018 kijana mmoja Mjerumani alijitolea kwetu wiki tatu, halafu akapanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho. Rafiki zake walimwekea kiasi kwa kila mita mia, na mlima wetu una mita 5,895, kwa hiyo alipofika kilele cha Uhuru tulipata euro 3,200, karibu shilingi milioni 8 na nusu. Nikaandika "pesa ya mara moja", nikafunga ukurasa. Hapa Moshi wapanda mlima wa hisani tumewazoea. Wanakuja, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Kijana yule akaomba jambo la ajabu: hataki picha za watoto, anataka picha za viti. Seremala wetu wa Majengo akimaliza kiti, tunakipiga picha kikiwa kitupu, tunaandika kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa umri gani na kimegharimu kiasi gani. Rafiki zake 11 wakaanza kutuma euro 10 kila mwezi. Hadi mwisho wa 2023 walikuwa wamebaki saba, na jumla ya walichotuma ilishapita euro 5,000. Mkia ulikuwa mrefu kuliko ng'ombe. Kama ningeufunga ukurasa ule moja kwa moja, nisingejua kwamba ile picha ya kiti kitupu ndiyo iliyofanya kazi, si mlima.

Pesa za nje zina mtego mwingine. Tuna rafiki Marekani anayetuma dola 200 kila mwezi bila kukosa. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi zaidi ya shilingi 2,700, na mchango wake kwetu ukaonekana kukua. Desemba dola ikashuka hadi karibu 2,400, na kwenye taarifa akaonekana amepunguza. Yeye hakuongeza wala kupunguza kitu. Nikamtengea safu ya dola.

Mwaka uliofuata, Januari 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Sisi hatukuwa na hata senti yake, tukadhani tuko salama. Ndani ya miezi michache mashirika makubwa yaliyokatiwa yakaanza kubisha hodi kwenye milango midogo tunayobisha sisi: maduka, vikundi vya makanisa, Wachaga wa Dar. Mwaka ule tuliwabakiza watu wetu karibu wote, mapato yakabaki pale pale. Mjumbe yule yule wa bodi akauliza kwa nini hatujakua. Nilimjibu vibaya kidogo, nikaomba radhi baadaye.

Sijasema habari za mama wa maziwa, nami nimekuwa nikiikwepa.

Ana duka la maziwa na mtindi Majengo. Tangu 2015 alikuwa anatupa 20,000 kila mwezi, analeta mwenyewe imekunjwa ndani ya kanga. Kwa kumheshimu nilimpa kadi ya bure ya chakula cha hisani. Usiku ule MC, kwa uchangamfu wake, akasogeza kipaza sauti mezani pake mbele ya wafanyabiashara wa mji mzima: "Na mama yetu hapa?" Akasimama, akasema laki tano. Niliziandika kwenye simu huku natabasamu. Hakulipa, na ile 20,000 ikakoma. Simu zangu hakupokea. Nilipokuja kuchambua daftari niligundua hayuko peke yake: watu sita wa kila mwezi walikoma baada ya usiku ule, kwa pamoja 130,000 kwa mwezi, 1,560,000 kwa mwaka. Toa hizo kwenye ile 1,750,000.

Nilikwenda dukani kwake Juni 2019, jioni, amekaa kwenye kigoda anachuja maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakunyanyua uso. "Umekuja kudai?"

"Nimekuja kufuta." Nikatoa ile karatasi ya ahadi, yenye jina lake kwa mwandiko wangu, nikaichana, nikaomba anipimie nusu lita ya mtindi. Alinipimia, akapokea pesa yake, akanirudishia chenji. Tukaongea habari za mvua.

Tarehe 3 Julai bajaji ilisimama getini, dereva akanikabidhi noti mbili za elfu kumi zimekunjwa ndani ya kipande cha gazeti. "Mama wa Majengo amesema usimpigie simu ya kushukuru, na jina lake lisisomwe popote."